Maswali Yenu: Mzazi Ndani ya Bodi ya Shule ya Msingi

Barua tatu kati ya zile tulizopokea kutoka Mombasa zinazunguka jambo moja, nalo ni nafasi ya mzazi katika uongozi wa shule ya msingi ya umma, na kwa hivyo tumeonelea tuzijibu pamoja. Tumezifupisha kidogo, na majina ya shule tumeyaacha.

BARUA YA KWANZA

Mwalimu, nakusalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili wanaosoma shule ya msingi ya serikali huku Kisauni, na kazi yangu ni kupika mahamri na mbaazi alfajiri, nikauza mpaka saa nne. Mwaka jana wazazi wa gredi ya nne walinichagua niwawakilishe katika kamati ya chama cha wazazi, kisha kamati ikaniteua niende kwenye bodi ya shule. Kule makaratasi tunapewa tukishakaa, nayo ni ya Kiingereza, mazungumzo pia ni ya Kiingereza, na ikifika saa ya kuamua mwenyekiti husema "tumekubaliana" akaendelea mbele. Mkutano uliopita tuliambiwa kila mtoto alipe shilingi 500 kila muhula kwa ajili ya walimu wa bodi na mlinzi. Nikauliza pesa za serikali zimetumikaje, nikajibiwa kwamba hilo ni suala la ofisi. Kumbukumbu zilipotoka zikasema wanachama wote waliafiki kwa kauli moja. Sasa wazazi wenzangu wananisimamisha njiani wakiniuliza kwa nini nimewauza. Je, nijiuzulu?
— Mama wa Kisauni

JIBU

Usijiuzulu, mama. Ukitoka, kiti chako kitajazwa na mtu mwepesi zaidi wa kukubali, na lile swali ulilouliza litaondoka nawe. Kwanza ufahamu uliingia mle kwa njia gani na umebeba dhamana ya nani, kwa sababu wazazi wengi wakichaguliwa huingia kwenye chumba cha mkutano na adabu za mgeni: hukaa karibu na mlango, husubiri waulizwe, na hutoka wakishukuru kwa soda.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ambayo ndiyo inayoongoza bodi za usimamizi katika shule za umma, inataka watu 6 wachaguliwe kuwawakilisha wazazi. Mfadhili wa shule ana viti 3. Walimu, Bodi ya Elimu ya Kaunti, makundi maalumu ya jamii na watu wenye mahitaji maalumu wana kiti kimoja kimoja, na baraza la wanafunzi nalo lina mwakilishi anayehudhuria kwa wadhifa wake. Juu ya hao, mwenyekiti wa chama cha wazazi pamoja na wanakamati wawili huongezwa kwenye bodi, na wewe ni mmoja wa hao wawili. Ukihesabu, utaona kwamba hakuna kundi lenye watu wengi katika meza ile kuliko wazazi. Kwa hiyo kabla ya mkutano ujao watafute wawakilishi wenzako, mkae hata nusu saa barazani kwa mmoja wenu, mpatane mtauliza nini na nani ataanza. Mtu mmoja akiuliza huonekana mkorofi, lakini wanne wakiuliza lile lile, mwenyekiti hatakuwa na budi kulijibu.

Kuhusu lugha, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza zote mbili ni lugha rasmi. Mkutano wa bodi ya shule ya Kisauni unaweza kuendeshwa kwa Kiswahili tangu sala ya kufungulia hadi sala ya kufungia, na hakuna wa kuombwa radhi. Omba mapema, kabla ya ajenda ya kwanza, na uombe kwa upole: "Mwenyekiti, naomba tuzungumze Kiswahili ili sote tufuatane." Mara nyingi huonekana kwamba aliyekuwa akihitaji ruhusa hiyo hakuwa mzazi peke yake, kwani wajumbe waliokuwa wakitikisa vichwa tu nao huanza kusema.

Makaratasi ni jambo la katibu, na katibu wa bodi kwa mujibu wa sheria ni mwalimu mkuu. Mwandikie barua fupi, uombe ajenda, kumbukumbu za mkutano uliopita na taarifa ya fedha zikufikie siku saba kabla ya mkutano. Baki na nakala ya barua hiyo, na anayeipokea ofisini atie muhuri au sahihi kwenye nakala yako. Hili linaweza kuonekana kama uchokozi, lakini barua ya namna hiyo humsaidia hata mwalimu mkuu, kwa sababu mkutano ambao wajumbe wake wamesoma humalizika kwa saa mbili, na ule ambao hawakusoma huenda hadi adhuhuri na bado watu wakatoka hawajui walichokiamua.

Sasa tuje kwenye pesa. Kuambiwa kwamba matumizi ya fedha za serikali ni suala la ofisi si sahihi, kwa maana sheria inaorodhesha miongoni mwa kazi za bodi kusimamia rasilimali za shule na kupokea, kukusanya na kutoa hesabu ya fedha zote zinazoingia. Ofisi hushika daftari kwa niaba ya bodi. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure mwaka 2003, serikali hupeleka fedha shuleni kwa kuhesabu vichwa vya wanafunzi, na kiwango cha shule ya msingi kimekuwa shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka. Shule yenye watoto 600 inatarajia shilingi 852,000 kwa kiwango hicho. Kumbuka pia kwamba tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikinunua vitabu vya kiada yenyewe na kuvifikisha shuleni, kwa hivyo mtu akikwambia kwamba fedha ziliishia kwenye vitabu, muulize ni vitabu gani. Na kama shule yenu ina sekondari msingi katika kiwanja hicho hicho, yaani gredi ya saba hadi ya tisa iliyoanza Januari 2023, fahamu kwamba wanafunzi hao wana kiwango chao, shilingi 15,042 kwa mwaka, na hesabu zao zisichanganywe na za wadogo zao.

Unapokwenda mkutanoni usiulize "pesa zimekwenda wapi", kwa maana swali hilo hujibiwa kwa hasira au kwa hotuba. Uliza vitu vitatu ambavyo ama vipo mezani au havipo: orodha ya wanafunzi waliosajiliwa, taarifa ya benki inayoonyesha kilichoingia muhula huu, na orodha ya malipo yaliyofanywa pamoja na risiti zake. Mtu mwenye hesabu safi hufurahi kuvitoa.

Niseme pia, kwa insafu, kwamba mwalimu mkuu anayeomba shilingi 500 si lazima awe mwizi. Fedha za serikali mara kwa mara huchelewa, muhula ukafika katikati hazijaonekana, na shule ambayo Tume ya Kuwaajiri Walimu haijaipelekea walimu wa kutosha hulazimika kuajiri walimu wa bodi ili darasa lisikae bila mtu. Walimu hao ni vijana waliosomea kazi hiyo, na wengi hulipwa kidogo sana. Haja inaweza kuwa ya kweli, ila haja ya kweli haifuti utaratibu. Kifungu cha 29 cha sheria ile ile kinakataza shule ya umma kumtoza mzazi karo ya masomo. Ada nyingine zinaweza kutozwa iwapo Waziri wa Elimu ameziidhinisha kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na hata hapo mtoto asizuiwe kusoma kwa sababu mzazi hajalipa, na kila pesa inayopokewa itolewe risiti rasmi. Chama cha wazazi kina haki ya kujadili na kupendekeza ada. Bodi nayo inaweza kuliombea pendekezo hilo idhini. Lakini kati ya pendekezo na amri ya kulipa kuna barua ya idhini, na hiyo ndiyo unayopaswa kuomba uione. Ikiwa haipo, basi zile shilingi 500 ni mchango wa hiari, ziandikwe hivyo kwenye ilani inayopelekwa nyumbani, na asirudishwe mtoto yeyote langoni.

Kuhusu kumbukumbu: ajenda ya mwanzo ya kila mkutano huwa ni kusoma na kuthibitisha kumbukumbu za mkutano uliotangulia, na mahali hapo wengi hupita mbio kwa sababu wanataka kufika kwenye mambo mapya. Wewe simama hapo hapo. Fungua ukurasa wenye yale maneno ya kuafiki kwa kauli moja, taja namba ya aya, na useme: "Mwenyekiti, mimi niliuliza swali juu ya fedha za serikali na sikujibiwa. Naomba swali langu liandikwe, na maneno ya kauli moja yaondolewe." Marekebisho huandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano wa siku hiyo, na baada ya hapo ndipo mwenyekiti na katibu hutia sahihi zao. Zingatia vilevile karatasi ya mahudhurio. Kutia sahihi kwamba ulikuwepo si sawa na kutia sahihi kwamba ulikubali, na mtu akikuletea karatasi moja yenye mambo yote mawili, iandike kwa kalamu yako kando ya jina lako: "nimehudhuria".

Lakini hayo yote ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo naona haikufanywa, si na wewe tu bali na wawakilishi wengi wa Mombasa na kwingineko. Wale wazazi wanaokusimamisha njiani wana haki ya kukusimamisha, kwa sababu walikuchagua na hakuna aliyewaeleza lolote mpaka waliposikia kuna kulipa. Mjumbe aliyechaguliwa na wazazi, kisha asirudi kwao kabla ya uamuzi na baada yake, anakuwa mtu binafsi aliyealikwa kwenye mkutano. Ukipata ajenda, waite wazazi wa gredi yenu, hata wawe kumi tu, uwasomee, uwasikilize, uandike wanachokitaka. Ukitoka mkutanoni, rudi uwaambie kilichoamuliwa, nani alipinga, na nini hakikujibiwa. Mambo ya siri, kama kesi ya nidhamu ya mtoto fulani au ugonjwa wa mwalimu, yabaki bodini, lakini hesabu ya shule si siri. Ukiwa na desturi hiyo, mwenyekiti akisema "tumekubaliana", unaweza kumjibu kwamba wazazi wa gredi ya nne walikaa na hawakukubaliana, na maneno hayo yana uzito ambao maoni yako peke yako hayawezi kuwa nao.

Ikiwa baada ya yote hayo hujapewa taarifa, andika kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo na nakala kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Na ipo Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo humruhusu raia kuomba habari kutoka taasisi ya umma kwa maandishi ya Kiswahili au Kiingereza, na taasisi hiyo inatakiwa kuamua juu ya ombi hilo ndani ya siku 21. Anza lakini na barua ya kawaida kwa mwalimu mkuu. Nyingi za kesi hizi humalizikia hapo, kwa sababu aliyezoea kuulizwa mdomoni hushtuka kuulizwa kwa karatasi.

BARUA YA PILI

Shikamoo mwalimu, ijapokuwa huenda nikawa mkubwa wako. Ninamlea mjukuu wangu hapa Majengo tangu mamake aende Saudia kufanya kazi. Nahudhuria kila mkutano wa shule. Mwaka huu jina langu lilipotajwa kuwa mwakilishi wa darasa, mtu mmoja alisimama akasema anayetakiwa ni mzazi, si nyanya. Nikakaa chini. Je, alikuwa na haki?
— Nyanya wa Majengo

JIBU

Marahaba, na shikamoo ni yangu kwako, nyanya. Hakuwa na haki. Sheria ya elimu inapomtaja mzazi inamkusudia mama, baba au mlezi, na inamuingiza pia mtu yeyote ambaye kisheria ana wajibu wa kumtunza mtoto au haki ya kukaa naye. Chama cha wazazi kinakusanya kila mwenye mtoto shuleni kwa maana hiyo pana, na aliye mwanachama huchagua na huchaguliwa.

Ili maneno yasirudi, muombe mamake mtoto aandike barua fupi kutoka huko aliko akieleza kwamba wewe ndiye mlezi, uiwasilishe kwa mwalimu mkuu pamoja na nakala ya kitambulisho chako, na jina lako liandikwe kwenye rejista ya shule kama mlezi. Barua hiyo itakufaa pia siku ya hospitali na siku ya kusajiliwa kwa mtihani. Mombasa ina watoto wengi sana wanaolelewa na nyanya, mashangazi na makhalati kwa sababu wazazi wako Ughaibuni, na shule inayowafungia watu hao mlango wa kamati imejinyima watu wenye nafasi ya kuhudhuria mikutano asubuhi. Uchaguzi ujao usikae chini.

BARUA YA TATU

Ndugu mhariri, mimi ni mwenyekiti wa chama cha wazazi katika shule moja ya Likoni. Wenzangu hulalamikia bodi, mimi nalalamikia wazazi. Tukiita mkutano wanakuja wachache, karibu wote akina mama, na wale wale kila mara. Kina baba huwaona siku ya kutangazwa ada mpya, wanakuja kupiga kelele na kuondoka. Tumefungua kundi la WhatsApp lakini limejaa salamu za Ijumaa na matangazo ya biashara. Tufanye nini?
— Mwenyekiti, Likoni

JIBU

Mwenyekiti, kabla hujawalaumu wazazi tazama saa na siku unayowaita. Mkutano wa saa tatu asubuhi siku ya kazi umekwisha kuwachagua watakaokuja, nao ni wasio na ajira ya nje. Baba anayevuka feri kwenda mjini na kurudi magharibi hataomba ruhusa kwa mwajiri ili akasikilize hotuba, na anayefanya zamu bandarini hajui wiki ijayo atakuwa wa mchana au wa usiku. Ijumaa mchana ni ya sala. Jumamosi na Jumapili asubuhi watoto wako madrasa au kanisani, na wazazi wengi huwa nao au huwa na shughuli za hapo. Nafasi inayobaki kwa wengi ni Jumamosi alasiri, au siku ya kazi kuanzia saa kumi na moja jioni, na mkutano usizidi muda wa saa moja. Wakati wa Ramadhani usiite kabisa baada ya alasiri, kwani mama anayeandaa futari hatakuja, na akija atakuchukia.

Pili, acha kuita shule nzima. Mkutano mkuu wa mwaka ni lazima, maana hapo ndipo kamati huchaguliwa, lakini mikutano mingine ifanyeni kwa gredi. Baba asiyesema neno mbele ya watu mia tatu husema mbele ya ishirini ambao watoto wao huketi dawati moja na wake, tena husema mambo yenye maana: kwamba mwanawe hufika nyumbani na daftari ambalo halijasahihishwa, au kwamba njia ya kutoka shuleni ina gari nyingi. Mwakilishi wa gredi aendeshe mkutano huo, mwalimu wa darasa awepo, na wewe mwenyekiti ukae nyuma unyamaze.

Tatu, na hapa sitakuficha, ajenda zenu zinawafundisha kina baba kuja kwa ajili ya pesa. Ikiwa kila wanapoitwa huwa ni ada, basi atakuja anayetaka kupinga ada. Sheria imekipa chama cha wazazi kazi nyingine ambazo sisikii zikitajwa mikutanoni: kuinua malezi bora, lishe na afya ya watoto, kudumisha uhusiano mwema kati ya walimu na wazazi, kutafuta njia za kuwatia moyo walimu na wanafunzi, na kusaidia katika ushauri nasaha na nidhamu. Chukua mfano wa vyoo tu. Kiwango kinachotumika nchini ni choo kimoja kwa wasichana 25 na kimoja kwa wavulana 30. Waombe wazazi watatu, na mmoja wao awe baba fundi, waende shuleni wakati wa mapumziko, wahesabu vyoo vinavyofanya kazi, waone kama milango inafunga kwa ndani na kama kuna maji ya kunawa, kisha wagawe kwa idadi ya watoto. Karatasi ya ukurasa mmoja yenye hesabu hiyo itawaleta wazazi wengi kuliko barua yoyote ya mwito, kwa sababu kila mmoja ana binti au mtoto wa kiume anayejizuia mpaka arudi nyumbani.

Kundi la WhatsApp libakizeni kwa matangazo, na wasimamizi peke yao ndio waandike. Msifanye uamuzi humo. Wazazi wenye simu za mulika mwizi hawamo, wengine wamo lakini hawana bando, na uamuzi uliopitishwa usiku kwa vidole gumba asubuhi hukataliwa na nusu ya wazazi ambao hawakuuona. Ilani muhimu iandikwe kwa Kiswahili, ibandikwe langoni, na itiwe kwenye daftari la mtoto.

Anzeni na hivyo vyoo muhula huu, kwa gredi mbili au tatu zilizo tayari. Matokeo yapelekeni kwa katibu wa bodi kwa maandishi mapema, kabla ajenda haijatolewa, kwa sababu bodi inalazimika kukutana angalau mara moja tu kila miezi minne, na hoja iliyokosa kuingia kwenye ajenda hiyo huenda ikangoja hadi muhula mwingine.